Mbegu Tatu za Ukwaju

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu umezoea kisu cha kukatia matairi kuliko kalamu. Nikiandika ukurasa mmoja, jua linahama kutoka mlangoni hadi ukutani. Lakini jambo hili nimekaa nalo muda mrefu bila kulisema. Mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, na kila nilipojiandaa kulisema nilikuta mwingine ameshalisema kwa namna yake, watu wamecheka, na shauri limekwisha. Kwenye karatasi hakuna wa kunikata kauli.

Watu wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, waliniita mwizi. Na kitu nilichoiba, kama ni kuiba, ni mbegu tatu za ukwaju.

Mimi ni fundi wa katambuga, viatu vya matairi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi wakati huo, na nilikuwa nakata viatu vyangu kwenye kibaraza cha fundi bati mmoja, mzee wa umri wa babu yangu, aliyenipa nafasi ya kukaa bila kunidai kitu. Siku za kazi alikuwa anagonga ndoo na vibatari upande wake, nami nakata matairi upande wangu. Jumapili, baada ya misa, kibaraza kilikuwa cha karata.

Mchezo wenyewe uliletwa na jirani yetu aliyekuwa askari. Alipigana na Wajapani huko Bama, akarudi na koti la jeshi, kikohozi, na mchezo huo aliofundishwa na Wazungu wa kikosi chake. Wao wanauita poka. Sisi tulikuwa wanne: huyo askari, fundi bati, fundi cherehani mmoja aliyetoka Nzega, na mimi. Mimi niliingizwa kwa sababu walihitaji mtu wa nne, na kwa sababu nilikuwa karibu.

Hatukucheza kwa fedha. Padri alikataza, na fundi bati hakutaka maneno na padri. Tulicheza kwa mbegu za ukwaju, kila mtu akianza na ishirini. Jioni kengele ya rozari ikilia, tunahesabu, na mwenye mbegu chache kuliko wote anachukua ndoo mbili na mti wa kuchukulia begani, anakwenda kisimani, anajaza pipa la fundi bati. Pipa lile lilimeza safari saba. Kwa miezi mitano, Jumapili hata moja haikupita bila mimi kulijaza. Wanawake kisimani walikuwa wakiniona nakuja wanasema, "Mchezaji amefika, mpisheni."

Nitaeleza mchezo kidogo, kwa sababu asiyeujua hawezi kunihukumu kwa haki. Kila mtu hupewa karata tano. Kabla hazijagawanywa, wawili wanaomfuata mgawaji kwa kulia lazima watie mbegu katikati bila kujua watapata nini. Wa kwanza hutia moja, wa pili hutia mbili. Fundi bati aliziita mbegu hizo hongo. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, na kila walipoingia nchi ya mtemi walitoa hongo ya nguo au ya shanga kabla hawajaruhusiwa hata kuchota maji. "Unatoa kwanza," fundi bati alikuwa akisema, "halafu ndiyo unajua kama njia ina simba."

Hongo ikishawekwa na karata zikishagawanywa, anayekaa baada ya hao wawili ndiye anayesema kwanza. Ama anaweka mbegu mbili kama aliyetoa hongo kubwa, ama anapandisha dau, ama analaza karata zake chini na kutoka. Wengine wanamfuata kwa zamu, na wenye hongo wanasema mwisho. Waliobaki wanafunua, na mwenye karata zinazofanana, jozi au zaidi, anavuta mbegu zote. Yule wa kwanza fundi bati alimwita kirangozi, kama yule aliyetangulia mbele ya msafara na bendera. Kukaa mahali pa kirangozi ni kubaya. Unasema kabla ya wote, na watu watatu nyuma yako wanakusikiliza huku wameficha walichonacho.

Sasa sikilizeni askari alivyokuwa akifanya. Alikuwa akingoja zamu yake ya kugawa. Wakati huo anasema nyuma ya kirangozi, na waliobaki ni wenye hongo tu. Kirangozi akitoka, askari anasukuma mbegu sita au saba katikati, anakohoa, anatazama barabarani kama mtu anayesubiri motokaa. Wenye hongo wanaogopa, wanalaza karata, na hongo yao anaivuta kwake. Mara nyingi hakuwa na kitu. Tulijua hakuwa na kitu kwa sababu mwenyewe alituonyesha, akicheka. Karata mbili, tano, tisa, hakuna hata jozi.

"Bama tulipita namna hii," anasema. "Bunduki tupu, lakini unaipiga kofi kitako ili Mjapani asikie."

Na wao walicheka. Fundi cherehani alikuwa akimpiga begani na kusema, "Kaka, wewe ni mjanja. Ungezaliwa Nzega ungekuwa mtemi." Hongo yake mwenyewe ndiyo iliyochukuliwa, na bado alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nimeona kwa macho yangu, na hakuna siku niliyosikia mtu akisema neno kuiba.

Jumapili ninayoieleza ilikuwa ya kiangazi, pipa la fundi bati limekauka mpaka chini. Tulikuwa tumebakiza mchezo mmoja, maana mpiga kengele alishapita mbele yetu akielekea kanisani. Askari aligawa. Fundi bati akatia hongo ya mbegu moja. Fundi cherehani akatia mbili, zikabaki nane mbele yake. Mimi nilikuwa kirangozi, na mbele yangu zilikuwa nane vilevile. Wale wawili wengine walikuwa na rundo. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba atakayekwenda kisimani ni mmoja kati yangu na fundi cherehani.

Nilifunua karata zangu kidogo. Saba ya kopa, tatu ya pau, tisa ya shupaza, mbili ya uru, nne ya pau. Takataka. Nilitaka kuzilaza, kama nilivyozilaza miezi mitano. Ndipo nikawaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Niliwaza kwamba watu hawa hawajawahi kuniona nikipandisha dau bila kitu. Tena hawajawahi kuniona nikipandisha dau nikiwa kirangozi, hata nikiwa na kitu. Mtu akipandisha kutoka mbele, na watatu bado hawajasema, nani atadhani ana mikono mitupu? Askari akipandisha mwishoni, kila mtu anajua huenda anatania. Mimi nikipandisha mwanzoni, hawatafikiri hivyo.

Nikasukuma mbegu zangu zote nane katikati. Nilitazama chini, kama kawaida yangu. Sikukohoa, sikujifanya kitu chochote. Nataka hili lijulikane. Sikusema neno la uongo. Niliweka mbegu nikanyamaza.

Askari alizitazama mbegu, akanitazama mimi. "Leo kijana amebeba," alisema, akalaza karata.

Fundi bati akalaza zake. "Kirangozi akisema kuna maji mbele, kuna maji."

Fundi cherehani alikaa na karata zake mkononi muda mrefu. Alizipanga, akazipangua. Mwisho akazigeuza juu ili tuone: wafalme wawili. "Wafalme wawili nimewalaza kwa ajili ya mtoto huyu," alisema. "Maana nimemjua. Hawezi kuthubutu."

Nikavuta mbegu tatu za hongo pamoja na zangu. Nikawa na kumi na moja, naye akabaki na nane. Kengele ya rozari ikalia.

Hapo ingeishia, na huyo fundi cherehani angekwenda kisimani mara moja katika maisha yake, pipa likajaa, dunia ikaendelea. Kosa langu lilikuja baada ya hapo, na ni kosa la adabu wala si la karata. Askari alitufundisha tangu mwanzo kwamba, kama wote wametoka, mshindi halazimiki kuonyesha. Nilijua. Lakini fundi cherehani aliinama kuelekea kwangu, akasema kwa upole, "Tuonyeshe, mdogo wangu, na sisi tujifunze."

Mtu mzima ananiomba. Aliyenishonea kaptula ya shule. Ningemwambia nini, kwamba sionyeshi? Nikazigeuza.

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke kama walivyomchekea askari, nikiwa tayari na mimi kucheka kidogo. Fundi bati aliondoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akazitazama karata tena.

"Saba," fundi cherehani alisema. "Tatu. Tisa. Hakuna hata kinachofanana na mwenzake."

"Ndiyo," nilisema.

"Na ulikaa hapo umeinamisha kichwa kama bibi harusi."

"Ndivyo ninavyokaa, kaka."

"Basi umeniibia. Hii si karata, huu ni wizi wa hongo." Akamgeukia fundi bati. "Mzee, sema wewe. Huyu ni wa kwako."

Fundi bati hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alisema, "Baba yangu aliniambia, katika msafara, aliye nyuma anaweza kupiga porojo, anaweza kudanganya kwamba mguu unamuuma ili apunguziwe mzigo. Kirangozi hadanganyi. Akidanganya wa mbele, wote wanatumbukia. Hata kumpita kirangozi njiani ulikuwa unatozwa, kwa sababu neno la mbele ni la kuaminiwa. Kule nyuma ni mzaha. Mbele si mzaha, mwanangu."

Nilimtazama askari. Mchezo ni wake. Yeye ndiye aliyejua kama Wazungu wa Bama wana sheria ya namna hiyo au hawana. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Jamani, ndivyo unavyochezwa." Yeye alikuwa anakusanya karata zake na kuzifunga kwa uzi, midomo ikimchezacheza.

"Mimi sikumfundisha hivyo," alisema. "Mimi nachukua kwa mlango wa uani. Huyu kaingia sebuleni wenyewe wamekaa."

Ndipo walipocheka.

Nilikwenda kisimani. Nilikuwa na mbegu kumi na moja, fundi cherehani alikuwa na nane, na nilikwenda mimi, kwa sababu yeye alinyanyuka akachukua kofia yake, na fundi bati akanitazama, na ndoo zilikuwa karibu nami. Safari saba.

Wiki ile ile maneno yalifika Gongoni, mtaa wa jirani. Mtu akija kuchukua katambuga zake anazikagua soli, anasema, "Tairi kweli hili, au umenionyesha tairi ukanifungia gome?" Watoto wakipita wanaimba mwizi wa hongo. Hayo niliyavumilia. Ni utani, na utani una mwisho wake. Lililonichoma ni jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja mjane, muuza karanga za kukaanga. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyejiandikisha kwenda kukata mkonge upande wa Tanga. Kijana yule hakujua kuandika, wala mama yake hakujua kusoma. Huko kijana alimpata mtu wa kumwandikia, na huku mama alinipata mimi. Barua ikija alikuwa anaileta ndani ya khanga, hajaifungua, anakaa kwenye kigoda, ananipa.

Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Yeye hakutazama karatasi. Alitazama uso wangu tangu "Kwa mama yangu mpenzi" mpaka mwisho. Safari moja barua ilisema kwamba blanketi alilompa wakati wa kuondoka ameliuza akanywea pombe, na anaomba msamaha. Masikio yalinichoma, lakini nilisoma neno kwa neno. Akasema, "Wewe uso wako hauna mlango. Kilicho ndani nakiona nikiwa nje." Tangu siku hiyo akinisikia tu nikimwambia "Shikamoo mama," alijua kama habari niliyosikia mjini ni njema au mbaya.

Nilikuwa mtu asiyesikika popote. Kanisani naimba chini ya sauti za wengine. Lakini kwenye kigoda kile kulikuwa na mtu mmoja katika Tabora nzima aliyengoja maneno yatoke kinywani mwangu, na aliyaamini yakitoka. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Baada ya Jumapili ile, barua ikaja. Nilimwona akitoka nayo posta, pembe ya bahasha ikichungulia kwenye khanga. Nilisogeza matairi, nikafuta kigoda. Akapita. Alikwenda moja kwa moja kwa askari.

Jioni nilimkuta akianua karanga. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naona barua imefika."

"Imefika. Amenisomea yule bwana wa jeshi." Hakuniangalia. "Usikasirike, mwanangu. Nimeambiwa ulikaa mbele ya wanaume watatu wazima, huna kitu mkononi, na uso wako haukubadilika. Mimi nilikuwa nautegemea uso huo."

Ningeeleza nini, mchezo wa poka? Nilisema tu, "Ile ilikuwa karata, mama."

"Hata kidogo," alisema. "Kumbe mlango upo."

Barua mbili zilipita hivyo. Ya tatu ndiyo iliyorudi kwangu, na ilirudi kwa sababu askari hakutaka kuandika majibu. Alimwambia mkono wake una jeraha la vita. Basi mama akaniletea barua imeshafunguliwa, akaiweka juu ya matairi.

"Andika tu," alisema. "Kusoma nimesomewa. Mwanangu hajambo, kazi inakwenda vizuri, mkataba ukiisha atarudi, anawasalimu jirani wote. Wewe niandikie kwamba nimefurahi, na kwamba bati la jikoni linavuja, akija atalitengeneza. Anwani iko humo."

Nilifungua ili nitazame anwani. Macho hayakufika kwenye anwani. Mstari wa tatu ulisema: panga liliniteleza likanikata mguu wa kushoto, sasa ni wiki ya pili nimelala hospitali. Chini yake: mguu umevimba mpaka gotini, wanasema wataukata usipopoa. Na chini kabisa: mama, mwombe mjomba apande gari moshi aje anichukue, naogopa kufa peke yangu.

Nilisoma mara mbili ili niwe na hakika. Kisha nikamsomea kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama usoni kama zamani. Nilidhani ameniamini. Akasema, "Kwa hiyo yule bwana wa jeshi mwongo."

"Simhukumu yeye, mama. Nasoma kilichoandikwa."

"Kwa nini mtu mzima anidanganye habari ya mwanangu? Amepata nini kwangu? Karanga?" Sauti ilikuwa inapanda. "Wewe ndiye una kisa naye. Alikucheka kibarazani, kila mtu anajua. Sasa unataka nikamtukane mbele ya watu kwa ajili ya mbegu zako."

"Mama, mguu—"

"Hata siku ile ulikaa hivyo hivyo. Kichwa chini, mpole. Wakaamini." Aliichukua barua mkononi mwangu.

Mtu akiniita mwizi, nainama. Nimezoea kuinama. Lakini hapo nilisimama, kisu cha tairi kikaanguka, na nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Usiniamini mimi. Sikuombi uniamini. Kuna mwalimu Gongoni. Kuna karani wa stesheni. Kuna katekista. Chagua mmoja unayemtaka wewe, mpe barua, usimwambie nilichosema wala alichosema askari. Asome tu. Lakini nenda sasa hivi, mama, maana mjomba akichelewa gari la leo atangoja lijalo."

Fundi bati aliacha kugonga.

Mama akaenda. Nilimfuata kwa nyuma, hatua thelathini hivi, ili asidhani nakwenda kunong'ona na mwalimu kabla yake. Alipofika kwa mwalimu, nilisimama ng'ambo ya barabara karibu na duka la chumvi. Sikuweza kusikia. Niliona tu mwalimu akivaa miwani, akisoma, akimtazama mama, akiendelea. Niliona mama akikaa chini mchangani, taratibu, kama anayeshusha mzigo asioweza kuutupa.

Mjomba alipanda gari moshi siku ile ile. Mwana wa mama yule alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, mguu wa kushoto haukunjiki vizuri, lakini ni mguu wake na yuko juu yake. Nilimkatia katambuga, ya kushoto nikaiongezea soli mbili ili asichechemee sana.

Mnadhani basi mambo yalinyooka. Jumapili ya kwanza baada ya mwalimu kuisoma barua, nilikuwa kibarazani nikikusanya vyombo vyangu, na wao watatu wamekaa. Walikuwa wamempata mtu mwingine wa nne, mchoma mkaa kutoka Goweko, ambaye bado hajajua jozi ni nini. Fundi bati alimuuliza askari waziwazi, mbele yangu. Nadhani alimuuliza kwa ajili yangu.

"Ile barua ya mama muuza karanga. Ulisoma nini?"

Askari aliendelea kugawa. "Nilisoma kilichonifaa kusoma."

"Kilichoandikwa ni mguu."

"Mzee, mimi nimeona miguu mingi Bama. Mama mjane unamwambia mwanao anakatwa mguu? Nilimpa moyo. Nilimwonea huruma."

Nilingoja fundi cherehani aseme. Yeye aliyeniita mwizi kwa hongo ya mbegu mbili zake. Alizipanga karata zake vizuri, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mtu mzima anajua la kusema na la kuficha," alisema. "Vijana wanasoma tu."

Sijui mpaka leo kama askari aliisoma barua ile akaificha, au kama herufi zilimshinda akaona haya kurudi nyuma akiwa ameshaishika mbele ya mama. Nimemwona akishika kopo la maziwa akaligeuza mpaka akaona picha, bila kutazama herufi. Nimemwona pia akiandika jina lake. Lakini hilo si shauri langu. Shauri langu ni hili. Mimi sikusema neno, niliweka mbegu nane kwenye mkeka, na mchezo unaruhusu, nikaitwa mwizi Ng'ambo na Gongoni. Yeye alitamka maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi, mbele ya mama wa mgonjwa, ikaitwa huruma. Kama kirangozi hadanganyi, nani alikuwa mbele siku ile, mimi kwenye mkeka au yeye na barua?

Hayo ningemwuliza fundi bati, lakini ulimi wangu mnaujua. Alinisogezea kigoda akasema, "Kaa, mwanangu, mchoma mkaa atakupisha." Nikasema nina kazi. Nikafunga vyombo vyangu kwenye gunia, na tangu siku hiyo nakatia katambuga chini ya paa la jikoni kwetu.

Mama yule hakuniomba radhi. Siku moja alileta sahani ya karanga, bado za moto, akaziweka juu ya matairi, akauliza kama mvua itanyesha. Nikasema huenda. Barua hazimjii tena, kwa kuwa aliyekuwa akizituma yupo nyumbani anatengeneza bati la jikoni. Kwa hiyo kigoda changu kiko wazi.

Ndiyo maana nawaomba. Wewe unayesoma haya, kama umewahi kucheza mchezo huo, hata kama uliufundishwa jeshini au na makarani wa reli, niandikie. Niambie kama kuna sheria inayomkataza wa kwanza kupandisha dau bila kitu, na kama ipo nani aliitunga. Kama hujui karata, niandikie habari ya barua tu. Barua mpe mtu anayekuja Tabora, aulize mkata katambuga wa nyuma ya kwa muuza karanga. Andika kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole. Ukiniita mwizi nitalisoma neno hilo kama lilivyo, kwa sauti, mbele ya yeyote atakayekuwa amekaa hapa.